Pikapu ya Zamani na Oili Inayovuja

Msomaji, kama wakaa Kinoo, au Uthiru, au Muthiga, au mahali po pote kando ya ile barabara kuu iendayo Nakuru, bila shaka umekwisha kuiona pikapu ya namna hii. Imesimama nyuma ya nyumba chini ya mwavokado. Magurudumu yamekwisha upepo, nyasi zimeota katikati ya bampa, na kuku wanataga juu ya kiti cha dereva. Mwenyewe hataki kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Husema iko siku ataifufua.

Mwaka huu jirani yangu mmoja wa Kinoo aliifikia siku hiyo. Ni mkulima wa kawaida kama wewe na mimi: robo tatu ya eka, ng'ombe watatu wa maziwa, sukuma wiki na spinachi. Majani ya ng'ombe huyatoa Limuru, na mboga huzipeleka Marikiti kabla ya jua kutoka. Kila safari hukodi gari la mtu, na kila mwisho wa mwezi akipiga hesabu huona kwamba mwenye gari amevuna kuliko mwenye shamba. Nyuma ya zizi lake ilikuwapo Peugeot 504 ya marehemu baba yake, iliyosimama kwa miaka sita. Akanunua betri, akasafisha tangi na kabureta, akabadili plagi, na siku ya tatu injini ikanguruma. Majirani walikuja kusikiliza. Lakini kabla hawajarudi makwao, chini ya gari palikuwa pamelowa oili pande zote, mbele na nyuma, kulia na kushoto.

Fundi aliyeitwa alichungulia kwa dakika tano. "Mzee," akasema, "injini hii imekwisha. Ringi zimekufa. Tuishushe, tuifungue yote." Bei aliyoitaja ililingana na bei ya mtamba mwenye mimba, na jirani yangu alikuwa na mtamba mmoja tu wa namna hiyo. Alikwisha kumwita mnunuzi aje amtazame.

Habari ya mtamba nitairudia. Kwanza nataka kusema neno juu ya magari haya, kwa kuwa wapo watu, hasa vijana, wanaotucheka tunapoyashughulikia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari katika mwaka wa 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ilishinda mwaka wa 1975 na mwaka wa 1978. Watu walinunua pikapu zake kwa sababu waliona kwa macho yao gari lililoweza kupita matope ya nchi hii. Injini yake haina kompyuta yo yote. Kila kitu ndani yake chaweza kufunguliwa kwa spana, na vipuri vingi bado vyapatikana katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, kama una saa ya kuuliza duka baada ya duka. Ninayoyaeleza hapa, hata hivyo, yafaa kwa pikapu yo yote ya zamani, iwe Datsun, Toyota au Land Rover.

INAVUJA AU INAUNGUA?

Oili ya injini hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuungua ndani pamoja na petroli, na dalili yake ni moshi wa rangi ya samawati nyuma ya gari, hasa unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima. Ya pili ni kuvuja nje. Dawa ya moja si dawa ya nyingine, basi usianze kufungua cho chote kabla hujajua ni ipi. Tena chomoa kijiti cha kupimia oili, uitazame vizuri. Kama oili ni nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hilo ni jambo la gasketi ya silinda hedi au la sili za chini za silinda. Usiwashe tena mpaka limetengenezwa. Kama oili imeongezeka badala ya kupungua, nayo yanuka petroli, ngozi ya ndani ya pampu ya petroli imepasuka na petroli yamwagika katika oili. Injini iliyo hivyo yaweza kufa kwa safari moja, maana oili iliyochanganyika na petroli haina utelezi wa kutosha, na mvuke wake waweza kushika moto.

Wako watu wasemao kwamba kuvuja kidogo si kitu, gari la zamani lazima livuje. Haya, na tupige hesabu. Matone 20 hufanya kama mililita 1. Gari linalodondosha tone moja kila sekunde linapokwenda, kwa saa moja limepoteza matone 3,600, yaani karibu mililita 180. Pikapu kama 504 hubeba kama lita 4 tu. Safari ya Limuru na kurudi, halafu Marikiti na foleni ya Kangemi, halafu tena kesho, na kabla juma halijaisha umefika chini ya alama ya chini. Taa nyekundu ya oili haikuonyi kwamba oili inapungua. Huwaka wakati nguvu ya oili imekwisha kabisa, na hapo beringi zimeanza kusagika.

OSHA KWANZA

Katika injini iliyopakwa tope la oili la miaka mingi hakuna awezaye kusema uvujaji watoka wapi, na anayesema anabahatisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Ngoja injini ipoe kabisa. Toa waya wa betri. Funika kabureta na dispenseri ya umeme kwa mfuko wa plastiki. Kwarua tope lililoganda kwa kijiti, kisha pangusa kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha maji ya sabuni. Petroli usitumie kuosha injini hata kama fundi wako amefanya hivyo miaka ishirini. Mvuke wake hutafuta cheche, nawe hujui cheche iko wapi. Beseni liwe chini kuyapokea maji machafu.

Ikisha kukauka, pakaza poda ya mtoto au unga wa chaki kwenye maungio yote: pande za tapeti kava juu, pampu ya petroli, kifuniko cha mbele nyuma ya puli, pande za sampu chini. Tandika kadibodi kubwa chini ya gari, uweke alama ya mkaa mahali pa gurudumu la mbele ili usisahau upande upi ni upi. Washa injini dakika kumi na tano, izime, uiache usiku kucha. Asubuhi chukua tochi. Oili iliyotoka itakuwa imechora njia katika unga mweupe, nawe utaifuata njia hiyo kwenda juu, si kwenda chini. Kumbuka kwamba oili huteremka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Mahali inapodondokea ni mahali ilipoishia tu. Pa kutengeneza ni pale pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa.

PUMZI YA INJINI

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Kila injini yavuta pumzi. Pistoni zinaposukumwa na moto, hewa kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka katika tumbo la injini, hata injini ikiwa mpya. Hewa hiyo lazima itoke, na hutoka kwa bomba maalum la pumzi, ambalo mara nyingi huanzia karibu na mahali pa kujazia oili au juu ya tapeti kava na kwenda kwenye filta ya hewa. Bomba hilo likiziba, hewa hujaa ndani mpaka itafute njia nyingine. Njia hiyo ni kila gasketi na kila sili, na hewa ikitoka huichukua na oili. Ndipo utaona injini ikivuja mbele na nyuma, kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Gasketi zote za gari haziwezi kufa siku moja, msomaji. Ukiona hivyo, tazama pumzi kwanza.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa yaunguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, uweke kiganja juu ya tundu bila kuziba kabisa. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikiwa yapuliza kwa nguvu na kutoa moshi, kuna mambo mawili: ama bomba la pumzi limeziba, ama ringi zimekwisha. Chomoa bomba, lisafishe, upime tena. Nguvu ikipungua, ulikuwa uchafu tu. Isipopungua, mwambie fundi apime nguvu ya kila silinda kwa geji, kazi ya nusu saa, kabla hujakubali injini kushushwa.

Jirani yangu alifanya hivyo Jumapili mchana, mnunuzi wa mtamba akiwa atarajiwa Jumanne. Bomba la mpira alipolichomoa, akalikata kwa kisu maana lilikwisha kukauka, ndani palikuwa na udongo mgumu kama tofali. Ilikuwa nyumba ya nyigu. Miaka ile gari liliposimamishwa, mtu alilichomoa bomba upande mmoja. Nyigu wakaingia wakajenga. Na mtu mwingine akalirudisha mahali pake pasipo kutazama ndani. Bomba jipya lilinunuliwa kwa bei ya kuku mmoja. Injini ikawashwa, kadibodi ikatandikwa, na asubuhi mahali palipolowa palikuwa patatu tu badala ya kila mahali.

Sisemi kwamba yule fundi alikuwa mwongo. Dalili aliyoiona, ya tundu kupuliza kwa nguvu, yaweza kweli kuwa dalili ya ringi. Kosa lake lilikuwa kuacha hatua moja.

KUTOKA JUU KUSHUKA CHINI

Mahali pa kwanza palikuwa tapeti kava. Gasketi yake katika magari mengi ya zamani ni ya koki, ile laini kama kizibo cha chupa. Ikikaa miaka bila oili hukauka na kusinyaa. Watu wengi wakiona inavuja hukaza nati. Nati ikikazwa kupita kiasi koki hupasuka, na bati la kava hupinda pale penye nati, na sasa itavuja hata ukiweka gasketi mpya. Basi ukilitoa kava, liweke juu ya kioo au meza iliyonyoka, uone kama limelala sawasawa. Palipopinda pagonge polepole kwa nyundo juu ya kipande cha mti mgumu. Gasketi mpya ikiwa imekauka dukani na haifiki kwenye matundu, iloweke katika maji ya uvuguvugu kwa muda, itarudi ukubwa wake. Sehemu zote mbili ziwe safi na kavu. Kaza kwa spana fupi, kidogo huku na kidogo huku, mpaka gasketi ianze tu kubanwa.

Pa pili palikuwa swichi ya oili, kile kidude kidogo chenye waya mmoja kilichochomekwa ubavuni mwa injini. Kikizeeka huvuja katikati, pale waya unaposhika, na kwa kuwa kiko penye oili yenye nguvu, chaweza kurusha oili nyingi kwa dakika chache. Dawa yake ni kukibadili. Usijaribu kukipaka gundi. Hapo hapo karibu tazama filta ya oili. Mara nyingi filta ya zamani ikitolewa, mpira wake hubaki umeng'ang'ania injini, na filta mpya hufungwa juu yake. Mipira miwili haikai. Itatoka yote kwa kishindo barabarani, na lita 4 zitamwagika kabla hujafika kituo kinachofuata. Toa mpira wa zamani, paka mpira mpya oili safi kwa kidole, funga kwa mkono mpaka uguse, halafu robo tatu ya mzunguko tu.

Parafujo la kutolea oili chini ya sampu lina washa ya shaba. Washa hiyo ikikazwa mara nyingi huwa ngumu na kuacha kuziba. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha itumbukize katika maji. Shaba hulainika, tofauti na chuma, nawe waweza kuitumia tena. Gasketi ya pampu ya petroli waweza kuikata mwenyewe kutoka karatasi ya gasketi inayouzwa kwa kipimo, lakini unene uwe kama wa ile ya zamani, maana unene hubadili mwendo wa mkono wa pampu.

Nyuma ya puli ya mbele kuna sili, yaani ule mviringo wa mpira wenye mdomo unaobana mhimili unaozunguka. Gari likisimama miaka, mpira hukauka ukawa kama pembe. Kabla hujaweka sili mpya pitisha ukucha pale mdomo ulipokuwa ukikaa. Ukihisi mfereji, chuma kimeliwa, na sili mpya itavuja vile vile isipokuwa uikalishe milimita 1 au 2 mbali na mfereji huo, juu ya chuma kizima. Upande wenye springi uelekee ndani kwenye oili. Paka mdomo oili kabla ya kufunga, usije ukaungua mara ya kwanza injini ikiwaka.

Na silikoni? Najua wengi mwaipenda, maana ni rahisi na yapatikana kila kibanda. Mahali pengine yafaa, mathalan pembeni mwa sampu pale gasketi mbili zinapokutana, na kiasi chake kiwe kama uzi mwembamba. Lakini ikipakwa kama siagi juu ya mkate, nusu yake husukumwa ndani unapokaza. Huko hukatika vipande vipande, huanguka katika sampu, hufyonzwa mpaka kwenye chujio la pampu ya oili, na chujio likiziba injini hufa hali sampu imejaa. Sampu ikiwa imeshuka, osha chujio hilo. Katika pikapu ya jirani yangu tuliondoa vipande vya silikoni nyekundu vya kujaza kisoda. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeipaka.

Neno juu ya kuingia chini ya gari. Jeki si ya kutegemewa, na matofali ya saruji hupasuka ghafla bila kuonya. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, na magurudumu ya upande wa pili yazuiwe kwa mawe.

SILI YA NYUMA

Mahali pa tatu ndipo penye gharama. Oili ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi, huenda ni sili ya nyuma ya krankshafti, na kuifikia ni lazima kuteremsha gia boksi na klachi. Kabla hujakubali, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba haitoki juu, nyuma ya tapeti kava, ikiteremka mgongoni mwa injini mahali usipopaona. Paguse kwa kidole. Pili, kwamba si oili ya gia boksi. Katika magari mengi oili ya gia ni nzito na hunuka kama kiberiti, basi pua yako itakuambia. Lakini katika Peugeot 404 na 504 gia boksi hujazwa oili ya namna ile ile ya injini, na pua haitasaidia, tazama rangi. Ya injini ni nyeusi kwa masizi, ya gia hubaki na rangi yake zaidi.

Ukihakikisha kwamba ni sili ya nyuma, bado usikimbilie. Mpira uliokauka kwa kusimama mara nyingine hulainika tena ukipata oili na joto, basi endesha majuma machache upime kadibodi kila asubuhi. Matone mawili matatu kwa usiku si sababu ya kulipa kazi ya siku mbili. Klachi ikianza kuteleza, injini ikanguruma gari lisipande kilima, au ikatetemeka unapoanza kuondoka, hapo oili imeifikia, na hakuna la kungoja. Kwa vyo vyote vile klachi na sili vibadilishwe siku moja, kwa kuwa kazi ya kushusha ni ile ile.

OILI CHAFU

Umeosha injini, umemwaga oili ya zamani, sasa una debe zima la uchafu. Wapo wanaoimwaga shimoni nyuma ya nyumba, wengine hupaka nguzo za ua, wengine huwapaka ng'ombe penye vidonda au kupe. Oili iliyotumika ina chembe za madini na masizi yenye sumu. Ng'ombe hujilamba, na sumu huingia mwilini. Kinoo ya leo ina visima vingi vya maji katikati ya nyumba za kupanga, na kinachomwagwa shimoni kwako chaweza kuteremka mpaka kwenye maji ya jirani. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 yakataza kumwaga takataka za namna hiyo ovyo. Iweke katika jerikeni yenye kifuniko, andika juu yake isije ikadhaniwa mafuta mengine, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu kwa wanunuzi wake. Matambara yaliyolowa yatandaze yakauke nje, yasirundikwe stoo pamoja na majani makavu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukamua.

Mnunuzi alipokuja Jumanne alipewa chai akarudishwa. Mtamba amezaa ndama jike mwezi wa pili baada ya hapo. Pikapu yaenda Limuru mara mbili kwa juma na Marikiti mara tatu, nayo bado yadondosha matone mawili kila usiku kutoka kwenye ile sili ya nyuma; jirani yangu ameweka kibati cha mchanga mahali pake, hupima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na klachi itakapokwisha ndipo gia boksi itashuka. Kuku wamehamishiwa kwenye banda jipya, ingawa mmoja angali hurudi kuchungulia dirishani mwa dereva.